Sola Juu ya Mabati ya Mama

Mama alikuwa akizima simu yake mara tu tulipomaliza kuzungumza, ili chaji isimwishie kabla ya Jumapili nyingine. Kijijini kwetu, upande ule mkavu wa Kitui, umeme ulikuwa umefika sokoni tu, na kutoka nyumbani hadi sokoni ni mwendo wa asubuhi nzima kwa mtu mwenye magoti kama yake. Kila siku ya soko alimpa mpita njia simu hiyo, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, ikachajiwe kwa kinyozi na kurudishwa jioni. Siku nyingine ilirudi imejaa. Siku nyingine kinyozi alikuwa na simu za watu wengi mno, na ya Mama ilirudi kama ilivyokwenda. Jumapili ya wiki hiyo nilipiga nikiwa huku Burnsville, Marekani, nikaambiwa tu kwamba mteja niliyempigia hapatikani kwa sasa.

Nilikuwa nimemwachia binti yangu. Baba ya mtoto alifariki kabla mtoto hajajua kutembea, na nafasi ya kuja Minnesota kusomea uuguzi iliponijia, Mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Nenda. Huyu nitakaa naye. Wewe nilikulea, kwani nimesahau kulea?" Mtoto alikuwa na miaka minne. Tulidhani tunazungumzia miaka miwili, mitatu ikizidi. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Binti yangu alikuja kunifikia huku akiwa karibu kunipita kwa urefu.

Jumapili nilipiga simu nikiwa ndani ya gari, nje ya kanisa letu la Wakenya mjini Minneapolis, ibada ikiwa imekwisha na watu wakisalimiana kwenye theluji. Kwao usiku ulikuwa umeshaingia. Nilisikia kwanza kikohozi cha Mama, kisha sauti yake, kisha mtoto akisukumwa kwenye simu.

"Mwambie mama yako ulivyosoma."

"Mama, nimesoma."

"Umesoma nini?"

"Nimesoma Kiingereza."

Kwake mimi nilikuwa sauti tu inayotoka kwenye kitu ambacho hakuruhusiwa kukichezea. Mama alichukua simu, akaniuliza kama nimekula, akaniambia chaji imebaki kidogo, tukaagana.

Walikuwa wakikaa kwa mwanga wa koroboi, ile ile ya kopo la kakao niliyosomea mimi, yenye utambi wa kitambaa na isiyo na kioo. Aliyekulia kwenye koroboi haelezwi. Unalala kifudifudi karibu na moto ili uone herufi, unaunguza nywele za mbele, na asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Madaftari yetu yote yalinuka mafuta ya taa, na walimu hawakuuliza kwa nini, kwa sababu hata yao yalinuka. Mama alikuwa msusi wa viondo, vile vikapu vya katani, na mikono yake haikujua kukaa bure, lakini jua likizama aliweka kazi chini. Kwa mwanga ule nyuzi nyekundu na za kahawia zote ni nyeusi. Basi alikaa gizani akipiga soga na jirani yake, mjane wa rika lake, na wote wawili walikohoa kwa zamu.

Kulikuwa na kipindi ambapo simu haikupatikana Jumapili baada ya Jumapili. Nilikuwa nimemaliza masomo ya kwanza na kuanza kazi katika makao ya wazee huko Apple Valley, na nilijiambia ni kinyozi, ni mvua, ni mtandao. Siku niliyompata Mama, alisema haraka, "Tuko wazima kabisa," kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kulisema. Kisha mtoto akanyakua simu.

"Mama, mguu wangu uliungua."

Nilisikia Mama akisema kwa Kikamba, "Nilikukataza nini?" Lakini neno lilikuwa limekwishatoka. Mtoto alikuwa akifanya hesabu, akaivuta koroboi ili aone vizuri, ikapinduka. Mafuta yalimmwagikia pajani na moto ukayafuata. Mama alimfunika kwa gunia bichi, wakampeleka zahanati alfajiri kwa mkokoteni wa punda wa jirani, naye akilia njia nzima. Sasa kilikuwa kidonda kinachokauka, na Mama hakutaka nijue kabla hakijakauka.

"Ungefanya nini ukiwa huko?" aliniuliza. "Ungelia tu ukose usingizi."

Nililia. Aliyekuwa nami garini ni dada mmoja Mkenya anayekaa mji wa Champlin, muuguzi wa miaka mingi aliyenizidi umri sana, ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye barafu na kuvaa nguo juu ya nguo. Aliacha nilie hadi vioo vya gari vikaingia ukungu. Kisha akasema, "Sasa pangusa uso tufanye kitu. Mama yangu tulimwekea sola mwaka jana. Kwenu jua liko?"

Nilicheka katikati ya machozi. Kwetu hakuna kitu kingine. Jua ndilo tulilo nalo hadi linatuua.

Kaka yangu alikuwa akifanya kazi Mombasa. Tulisaidiana, yeye akanunua vifaa na kusafiri navyo hadi Kitui, na kutoka hapo fundi akavibeba kwa bodaboda hadi nyumbani. Paneli yenyewe haikuwa kubwa kuliko sinia ya kuchagulia mchele. Ilikuja na betri ndani ya kisanduku, balbu tatu, redio ndogo, na waya wa kuchaji simu. Kaka alisema fundi alipopanda juu ya mabati, nusu ya kijiji ilikuwa imesimama uani ikimwelekeza.

Jumanne iliyofuata nilikuwa kazini nikimlisha uji mzee mmoja asiyeweza kushika kijiko. Simu ikatetema mfukoni, na nilipoichungulia nikaona nambari ya Mama. Mama hakuwahi kunipigia, mimi ndiye niliyepiga. Tena siku ya kazi! Niliweka bakuli chini, nikamwomba mwenzangu anishikie, nikatoka mbio hadi kwenye korido.

"Mama, kuna nini? Ni nani?"

"Ni nani vipi?"

"Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Simu imejaa chaji na sina kazi nayo, nikaona nikusalimie."

Niliegemea ukuta. Nyuma yake nilisikia redio, na watu, watu wengi, kama kuna harusi.

"Hao ni nani?"

"Wamekuja kuona taa," alisema. "Mwanangu, nyumba hii ni chafu! Sikujua. Kuta zote ni masizi, dari ni masizi. Nimekaa ndani ya chungu miaka yote hii. Kesho natafuta chokaa." Kisha akateremsha sauti, kama anayesengenya. "Na jana nimeua nge, hapa hapa mlangoni. Nimemwona kabla hajaniona. Wajua wangapi nimewakanyaga?"

Nilimuuliza kuhusu mtoto. Alisema ameketi mezani kama karani wa serikali, hataki kusemeshwa. Na jua? "Jua lile lile lililotukausha mahindi," Mama alisema, "sasa linalipa deni kidogo kidogo."

Baada ya hapo hatukusubiri Jumapili tena. Alinipigia kuniambia kuku ametaga, au kwamba amesikia kwenye redio mvua itanyesha na yeye haamini. Mazungumzo yetu yalianza kuwa na upuuzi ndani yake, na nadhani upuuzi ndio niliokuwa nimeukosa zaidi. Mtu akiwa na dakika chache kwa wiki husema tu yaliyo muhimu, na yaliyo muhimu hayatoshi.

Kaka alipomnunulia simu ya kuonana, niliwatazama kwa mara ya kwanza. Nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko kazini, na chakula changu kiko kwenye maikrowevu. Uso wa Mama ulijaza kioo chote, kisha akaificha midomo yake kwa leso, maana alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele na hakuwa ameniambia. Alikuwa mzee. Nilikuwa nikiisikia sauti yake miaka yote hiyo nikidhani mtu mwenyewe amebaki kama sauti. Kisha binti yangu akaja, shingo ndefu, nywele zimesukwa, meno makubwa ya mtoto aliyeanza kuwa mtu mzima. Nilimwomba nione mguu. Akapandisha pindo la sketi, akanionyesha kovu lile kwa heshima, kama mtu anayeonyesha kitambulisho kwa askari, kisha akarudi kwenye daftari lake.

Nyuma yake chumba kilikuwa kimejaa watoto. Ndivyo ilivyokuwa kila jioni, Mama akaniambia. Shule ilikuwa imeanza kuwapa kazi nyingi za nyumbani, na huko majumbani kwao hakukuwa na taa. Basi walikuja kwake, na sharti lake lilikuwa moja tu, mtu anawe miguu mlangoni. Watoto walikaa sakafuni juu ya mikeka. Upande wa pili, chini ya balbu ile ile, walikaa jirani yule mjane na akina mama wengine wa kilimani kwetu wakisuka viondo, rangi zikionekana. Waliuza vingi zaidi kuliko zamani, ila Mama hakusifia mauzo. Alisifia kwamba siku hizi jioni ina watu.

"Na kifua?" nilimuuliza.

"Kimepoa. Sikohoi kama zamani."

Binti yangu alipanda darasani mwake hadi akawa miongoni mwa wa kwanza. Alimsomea Mama gazeti la zamani lililofungiwa sukari, alimsomea Biblia ya Kikamba, alimsomea maandishi ya kwenye pakiti ya dawa ya kuku. Mama hakuwa amekwenda shule, na alisikiliza yote kwa usawa. Mimi nilikula chakula changu Apple Valley nikiwatazama, na mapumziko yalipokwisha nilibonyeza kitufe wakatoweka. Niliporudi kwenye vyumba vya wazee, kila chumba na taa zake nne na mtu mmoja ndani akitazama ukuta, nilisikia uzito ambao sikujua nimwambie nani. Nyumba ya Mama ilikuwa imechangamka kuliko wakati wowote wa utoto wangu, na sikuwa nimeketi ndani yake hata jioni moja.

Karatasi zangu za uhamiaji, ambazo bila hizo sikuweza kwenda nyumbani na kurudi, zilipokamilika na ruhusa ya mtoto kuja ikapatikana, nilimpigia nikidhani napeleka habari njema. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Siji," alisema.

"Huji vipi? Huku kuna shule kubwa. Tutakaa pamoja."

"Susu atabaki na nani?"

Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba. Mama alikuwa akisikiliza. Akachukua simu, akatoka nayo nje, nikaona nyota na ukingo wa paa. "Mwache," aliniambia. "Mimi nitasema naye." Sijui alimwambia nini. Nilimuuliza binti yangu miaka baadaye, akasema Susu alimwambia kwamba mtoto aliyelelewa vizuri hujulikana akiondoka, si akikaa. Tena alimwambia hatakuwa peke yake, kwa kuwa watoto wa kilimani wote ni wake hadi saa mbili na nusu usiku.

Alifika mwezi wa Januari. Dada wa Champlin alikuja nami uwanja wa ndege na koti zito la mwanawe aliyekua, tukamvisha likamfika magotini. Tulimkumbatia, akakumbatika. Tukiteremka kusini kwa barabara kuu ya thelathini na tano, alitazama taa za barabarani zikipita, moja baada ya nyingine, hadi tulipovuka mto wa Minnesota kuingia Burnsville.

"Zinawakia nani?" aliuliza.

"Zinawakia magari."

"Hata yasipopita?"

Kwenye apatimenti alizunguka akizima swichi nyuma yangu. Nilitoka bafuni nikakuta sebule giza, nikatoka jikoni nikakuta bafu giza. Alikuwa amefundishwa kwamba siku ya mawingu betri haidumu, na Minnesota mwezi wa Januari ni mawingu matupu. Nilimweleza kwamba hapa ni tofauti. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu na akaendelea kuzima.

Siku za juma alikwenda shule na kurudi bila kusema mengi. Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yake. Saa nne asubuhi, ambayo kwao ni saa moja jioni, aliisimamisha simu mezani kwa kuiegemeza kwenye kopo la sukari, akampigia Susu, akafungua vitabu vyake. Kule nao walikuwa wamefungua vyao. Hawakuzungumza sana. Walifanya kazi tu, yeye Burnsville na wao Kitui, na mara kwa mara mmoja akauliza jambo na mwingine akajibu. Mama alikaa nyuma na kiondo chake. Mimi nilikaanga maandazi jikoni nikisikiliza Kikamba chao, na binti yangu akicheka kicheko ambacho hakuwa amenipa mimi bado. Sikumwonea Mama wivu, au labda nilimwonea. Zaidi nilitamani kuvuta kiti niketi nao, na sikujua ningeketi kama nani.

Ni kupitia simu hiyo nilianza kuona. Taa huonyesha kila kitu. Niliona Mama akisema neno moja kisha akisubiri pumzi kabla ya neno la pili. Niliona miguu yake imevimba juu ya mkeka. Jumamosi moja hakuwa na kiondo mkononi, na nikamwomba binti yangu aniachie simu.

"Mama, unapumua vipi ukilala?"

"Nalala nimeketi. Ni vizuri, naona mlango."

Kaka alimpeleka hospitali mjini Kitui. Daktari alimwambia mapafu yamechoka, ni moshi wa miaka mingi, moyo nao umechoka kwa kuyasaidia. Kikohozi kile nilikijua. Nilikuwa nikikisikia kila siku Apple Valley, kwa wazee waliovuta sigara tangu ujana wao. Mama hakuwahi kuvuta hata moja. Alivuta koroboi, na mafiga matatu ya jikoni, tangu akiwa msichana mdogo. Koroboi tuliiondoa, lakini sola ile haikupika ugali, na moshi wa jikoni ulibaki pale pale. Na hata tungeuondoa wote, ule uliokwishaingia ulikuwa umeingia. Kifua kilipopoa tulifurahi, tukadhani kimepona.

Jirani alianza kumpikia ili asikaribie moto. Kitanda chake kikahamishiwa sebuleni kwa sababu alikataa kulala kwenye chumba kisicho na watu. Jumamosi ya mwisho alikuwa amelala ubavu, amewageukia watoto. Walipoacha kusoma ili wamtazame, alisema kwa sauti ndogo, "Mmemaliza? Basi endeleeni." Binti yangu alimwambia amepata alama nzuri ya sayansi. Mama akauliza sayansi ni nini, na binti yangu akaanza kumweleza, kwa Kikamba, polepole, na Mama akalala usingizi katikati ya maelezo. Hatukuizima simu. Tulimwacha alale mbele yetu hadi simu yenyewe ilipokatika.

Alifariki siku ya katikati ya juma, jioni ya kwao, kabla taa hazijawashwa. Huku ilikuwa asubuhi. Kaka alinipigia nikiwa kazini, na safari hii sikuuliza ni nani. Niliendesha gari hadi nyumbani, nikakaa kwenye ngazi za nje na kusubiri basi la shule. Binti yangu aliposhuka akaniona nimeketi pale saa za kazi, alisimama na mkoba wake mgongoni.

"Ni Susu?"

"Ni Susu."

Hakuja kwangu. Aliketi ngazi moja chini yangu, akaufunika uso kwa magoti yake. Baada ya muda mrefu nikateremka nikaketi kando yake, na hapo akaniegemea. Jioni akina mama wa kanisa walijaa sebuleni, wakapika chai, wakaimba na kuomba, na dada wa Champlin akashughulikia tikiti zetu bila kuniuliza chochote.

Tulifika nyumbani jioni ya siku ya pili ya safari. Mwili ulikuwa bado mochari, na uani wanaume walikuwa wameketi kuzunguka moto. Niliingia ndani. Kaka akabonyeza swichi, na hivyo ndivyo nilivyoketi kwa mara ya kwanza chini ya taa ile. Ilikuwa balbu ndogo. Kwenye simu nilikuwa nimeiona kubwa. Kuta zilikuwa nyeupe kwa chokaa alichopaka Mama, isipokuwa duara moja jeusi juu ya meza, mahali koroboi ilipokaa miaka yote, ambalo chokaa kilishindwa kulifunika. Kiondo alichokuwa akisuka kilining'inia msumarini na nyuzi zake zikiwa wazi. Wanawake waliniimbia nyimbo za kunifariji, na mimi nilikuwa nikitafuta machozi nisiyaone.

Kisha nikasikia minong'ono mlangoni. Watoto walikuwa wamekuja na madaftari yao kama kila jioni, wakasimama nje kwa sababu nyumba ina msiba. Mtu mzima mmoja aliwaambia warudi kwao. Binti yangu alitoka, akasema nao maneno machache. Nilisikia maji yakimwagwa miguuni. Wakaingia mmoja mmoja, wakaketi mahali pao, katikati ya waombolezaji, na wakaanza kusoma kwa midomo bila sauti. Jirani, aliyekuwa hajalia mbele za watu, alilia hapo.

Baada ya mazishi kaka yangu alisema la kweli. Nyumba itafungwa, hakuna atakayekaa, na paneli ikiachwa itaibwa kabla ya mwezi kwisha. Afadhali iteremshwe.

"Mimi nitabaki," binti yangu alisema.

Kaka alimtazama. "Utabaki na nani?"

"Na jirani. Nitasoma hapa. Mtihani wangu nitafanya hapa."

Jirani alinigeukia, mikono yake juu ya magoti. "Mimi nitakaa naye, ukikubali," alisema. "Lakini mimi ni wa rika la mama yako, mwanangu. Hilo ulijue."

Alichosema kilikuwa jibu tayari, na sote tulilielewa, hata mtoto. Nilimwambia hapana. Nilimwambia Susu wake hakumtuma kwangu ili arudi kuzika wazee. Alinitazama kwa macho ya Mama, akatoka nje, na hakusema nami tena hadi tunaondoka.

Paneli tulimpa jirani. Fundi yule yule alikuja, akaiteremsha na kuipandisha kwenye paa lake, akaning'iniza balbu zote tatu kabla ya jua kuzama. Watoto walihamia huko na mikeka yao siku hiyo hiyo. Mimi na binti yangu tulisimama uani kwa jirani tukatazama upande wa pili, nyumba ya Mama ikiingia gizani taratibu, kwanza mlango, kisha kuta nyeupe, mwisho mabati. Nilimshika mkono. Aliuacha mkono wake ndani ya wangu, lakini hakukunja vidole.

Minnesota kulikuwa na theluji tuliporudi. Ilichukua hadi majira ya kuchipua kabla hajaanza kuniambia mambo ya shule, na alipoanza, aliniambia kwa Kiingereza. Nilimjibu kwa Kiswahili, akanielewa na kujibu kwa Kiingereza tena, kama watoto wote wa kanisani. Akapata marafiki. Akaingia timu ya mbio, na ana miguu ya kwetu, hashindwi kwa urahisi. Kovu lake wenzake wakiuliza, husema ni ajali ya utotoni na kuendelea kufunga kamba za viatu. Jirani alipopiga Jumamosi kwa simu ya Mama tuliyomwachia, mwanzoni binti yangu alikaa naye mezani saa nzima, kisha nusu saa, kisha salamu tu, kwa sababu mazoezi yalikuwa Jumamosi.

Kuelekea mwisho wa mwaka huo jirani alipiga, na binti yangu hakuwepo. Nilipokea mimi. Alinionyesha kuku, akanionyesha mapera, akanionyesha sebule yake ilivyojaa. Watoto wakamuulizia rafiki yao, nikawaambia yuko kwenye mazoezi ya mbio, atawasalimu akirudi. Kisha msichana mmoja mdogo, ambaye sikumjua ni wa nani, akaileta simu karibu na daftari lake na kuniuliza, "Aunty, hii unaijua?"

Zilikuwa hesabu za sehemu, tatu kwa tano kujumlisha moja kwa nne. Nilizima jiko, nikaketi. Nilimwambia asome swali kwa sauti, akasoma, na wengine wakasogea.

Sauti zao zilikuwa zikikatika kwa sababu ya mtandao. Tulifika mahali pa kutafuta namba ya chini, akakosea, nikamwambia arudie, akarudia akakosea tena, na mtandao ukakata kabisa kabla hatujamaliza. Nilipiga tena, haikuita. Nilibaki nimeketi na penseli ya binti yangu mkononi, karatasi mbele yangu, na hesabu ile nusu. Na hapo, mchana mweupe, miezi mingi baada ya kumzika, nikamlilia Mama kwa sauti.

Binti yangu alinikuta hivyo aliporudi na jasho lake. Aliniuliza kwa Kiingereza kuna nini, kisha akaniuliza tena kwa Kikamba.